Maktaba ya GMP ijengwe na kupimwa, isiokotwe mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wa programu vyuoni, wanafunzi wao, na mafundi wanaoziwekea ofisi programu za hesabu. Kuna tabia imeota mizizi. Mtu akiambiwa na Windows kwamba faili la libgmp-10.dll, yaani la maktaba ya GMP, halipo, anaingia mtandaoni, anashusha la kwanza analokutana nalo, analitumbukiza kwenye System32, folda ya mfumo wa Windows, programu inafunguka, kazi inaendelea. Lakini programu kufunguka si ushahidi kwamba inahesabu sawasawa. Faili la namna hiyo hujui nani alilijenga, ni la toleo gani, wala kama lilipimwa hata mara moja. Toleo la 6.2.1 na yaliyotangulia, kwa mfano, yana kasoro ya usalama iliyosajiliwa kwa namba CVE-2021-43618, ambapo data iliyotungwa kwa nia mbaya inaweza kuiangusha programu kwenye mifumo ya biti 32. Jina la faili ni lilelile, libgmp-10.dll, liwe la zamani au jipya. Huwezi kutofautisha kwa kutazama.

GMP ni maktaba huria (mkusanyiko wa msimbo unaotumiwa na programu nyingine) ya hesabu za namba kubwa, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na kuongozwa na Torbjörn Granlund. Namba nzima kubwa kabisa ambayo prosesa ya biti 64 inaishika kwa mara moja ni 18,446,744,073,709,551,615. Ukizidisha namba zote kuanzia 1 hadi 20, zao linaenea humo. La 1 hadi 21 halienei tena. GMP inaikata namba kubwa katika vipande vya biti 64, inavipanga kwenye kumbukumbu na kuvikokotoa kimoja baada ya kingine, kinachozidi kikibebwa kwenda kipande kinachofuata, kwa hiyo mpaka wake ni kumbukumbu ya mashine. Wanaoitegemea ni wengi kuliko wanaoijua kwa jina. GCC yenyewe, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), haijengeki bila GMP, programu ya hisabati ya SageMath inaitumia, lugha ya PHP ina kiendelezi chake, na maktaba ya usimbaji fiche GnuTLS inaifikia kupitia maktaba nyingine, Nettle. Namba ya ufunguo wa biti 2048 wa RSA, mbinu ya usimbaji fiche, ina tarakimu 617. Kosa la tarakimu moja tu kwenye hesabu ya namba kama hiyo linaharibu jibu zima, tena kimyakimya.

Ukimya huo ndio unaonitia wasiwasi. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, Marekani, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya wakati ule inakosea kugawanya baadhi ya namba. Ukigawa 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu ni 1.33382044, Pentium ilitoa 1.33373906. Mashine haikuzima wala haikutoa onyo. Kosa lilijulikana kwa kuwa mtu alilinganisha majibu yake na ya mashine nyingine, na Intel ikalazimika kutenga dola milioni 475.

Sasa niende kwenye ujenzi wenyewe kwa Windows ya biti 64, maana ndiyo iliyojaa maofisini na kwenye maabara za vyuo.

Kompaila ya Visual C++ haiijengi GMP, kwa kuwa mfumo wa ujenzi na sehemu za asembli (lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe) zimeandikwa kwa kufuata vifaa vya mradi huria wa GNU. Ukijenga ndani ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, utapata maktaba ya Linux, ambayo faili la .exe la Windows haliwezi kuitumia. Njia ya kuaminika ni MSYS2, mkusanyiko wa vifaa vya GNU kwa Windows, inayokaa kwenye C:\msys64. Ukishaisakinisha, menyu ya Start inakuletea madirisha kadhaa: MSYS, UCRT64, MINGW64 na mengine. Wengi wanapotelea hapa. Kompaila ya dirisha la MSYS hutoa programu zinazotegemea msys-2.0.dll, na ukizihamishia kompyuta nyingine zinagoma kufunguka. Fungua UCRT64, kisha andika echo $MSYSTEM. Jibu lisipokuwa UCRT64, funga uanze upya. Halafu:

pacman -Syu
pacman -S --needed make m4 diffutils mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc

Amri ya kwanza ya pacman, kisakinishi cha MSYS2, inaweza kukufungia dirisha katikati ya kazi. Si kosa; lifungue tena uirudie. Mzigo mkubwa wa kushusha uko kwenye kompaila, kwa hiyo kama bando ni la kupimia, ifanye kazi hiyo penye mtandao wa uhakika. GMP yenyewe, faili la gmp-6.3.0.tar.xz lililotoka Julai 2023, ni kama megabaiti 2 tu. Lichukue gmplib.org au ftp.gnu.org/gnu/gmp, pamoja na faili dogo la saini lenye jina hilohilo linaloishia na .sig, ulihakiki kwa gpg --verify. Alama ya ufunguo wa watengenezaji imechapishwa kwenye tovuti yao. Ilinganishe herufi kwa herufi. Anayeruka hatua hii hajatofautiana sana na aliyeokota DLL.

Usijengee kwenye Desktop wala kwenye folda inayosawazishwa na OneDrive, na usijengee ndani ya folda yenye nafasi kwenye jina. Mtu ambaye akaunti yake ya Windows ina majina mawili, folda yake ya nyumbani ndani ya MSYS2 nayo inapata nafasi katikati, na make, programu inayoendesha ujenzi, ikiikuta nafasi hiyo inaikata njia ya faili vipande viwili. Ujumbe utakaotoka hautataja nafasi hata kidogo. Utasema faili fulani halipo. Tengeneza C:\kazi, weka faili la tar humo, kisha:

cd /c/kazi
tar xf gmp-6.3.0.tar.xz
mkdir jenga
cd jenga
../gmp-6.3.0/configure --prefix=/c/gmp --enable-fat --enable-cxx CC="gcc -std=gnu17"

Mstari huo wa mwisho unaendesha configure, hati inayoichunguza mashine na kuandaa ujenzi. Kila neno ndani yake lina sababu yake, na mawili nayaeleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo yanayowakwamisha watu.

La kwanza ni -std=gnu17. Tangu GCC 15 iliyotoka mwaka 2025, kompaila hii inachukulia kwamba msimbo wote umeandikwa kwa C23, toleo jipya la kanuni za lugha ya C. Katika C ya zamani, kuandika void g(){} kulimaanisha kazi ambayo vigezo vyake havikutajwa; katika C23 kunamaanisha kazi isiyopokea kigezo chochote. Jaribio dogo ndani ya configure ya GMP 6.3.0 linaandika hivyo kisha linaiita g kwa vigezo. GCC 15 inakataa, na configure inahitimisha kwa kusema "could not find a working compiler, see config.log for details". Msomaji anadhani kompaila yake mbovu, anaifuta, anaisakinisha tena, yanatokea yaleyale. Ukweli uko kwenye config.log: tafuta maneno "long long reliability test 1" na chini yake utaona lalamiko la vigezo kuzidi. Ukiweka -std=gnu17 tatizo linaisha. Liweke kwenye CC, usiliweke kwenye CFLAGS, kwa sababu ukiandika CFLAGS yako unafuta vichocheo vya kasi ambavyo GMP ingejichagulia kulingana na prosesa, na utabaki na maktaba nzima lakini nzito.

La pili ni --enable-fat. Bila hilo, configure inaitambua prosesa ya mashine unayojengea na kuchagua asembli inayoifaa hiyo tu. Ukijenga kwenye kompyuta mpya, maktaba itabeba maagizo kama mulx, ambayo kwa Intel yalianza na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Ichukue uiweke kwenye kompyuta ya mtumba ya kabla ya hapo, programu inaanguka papo hapo kwa msimbo wa kosa 0xC000001D, yaani agizo ambalo prosesa hailijui. Ofisi zetu na maabara za shule zimechanganya mashine za miaka tofauti, na mara nyingi yenye nguvu ndiyo inayotumika kujengea. Kwa --enable-fat maktaba inabeba matawi yote na kuchagua linalofaa inapoanza kufanya kazi. Faili linanenepa kidogo. Sioni sababu ya fundi anayesambaza programu kwa wengine kuliacha.

Configure ikilalamika kwamba hakuna m4 inayofaa, ujue uliruka m4 kwenye orodha ya pacman. Ndiyo inayoyaandaa mafaili ya asembli kabla hayajafika kwa asembla. Ikimaliza salama inaandika muhtasari: toleo, aina ya mashine, ABI (ujenzi ni wa biti ngapi), maktaba za aina gani. Usome. ABI lazima iwe 64. Ikiwa 32, dirisha ulilofungua silo.

Kwenye Windows hatua hii ya configure ni ya polepole kuliko ilivyo kwenye Linux, kwa sababu inaunda na kuendesha vijiprogramu vingi vya conftest.exe na antivirusi inasimama kukikagua kila kimoja. Wakati mwingine inakishikilia, na unaona "Permission denied" pale configure inapotaka kukifuta. Dawa ni kuiambia antivirusi iiache folda ya C:\kazi kwa muda wa ujenzi tu, baada ya saini kuhakikiwa, kisha kuirudisha chini ya ulinzi kazi ikiisha. Kuzima antivirusi nzima hakuhitajiki.

Halafu:

make -j4
make check 2>&1 | tee majibu.txt
grep '^# FAIL' majibu.txt

Hapa ndipo kiini cha barua yangu. Watu wanaandika make, kisha make install, na kuiruka ya katikati kwa kuwa inachukua muda. Wanaojitetea wanasema wamejaribu kwa mkono: wamekokotoa zao la 1 hadi 25, wakapata 15,511,210,043,330,985,984,000,000, na jibu ni sahihi. Ni sahihi kweli, ila halithibitishi walichokusudia. GMP haizidishi namba zote kwa njia moja. Zilizo fupi inazizidisha kwa njia ya shuleni. Zikirefuka kupita kiwango fulani inahamia njia ya Karatsuba, aliyoibuni Anatoly Karatsuba mjini Moscow mwaka 1960; zikizidi inaingia familia ya Toom-Cook; na zikifika maelfu ya vipande inatumia mbinu ya Schönhage na Strassen ya mwaka 1971. Zao la 1 hadi 25 lina biti 84, yaani vipande viwili tu. Jaribio lao halikugusa Karatsuba, halikugusa Toom, wala halikukaribia hiyo ya mwisho. Kompaila ikiwa imeharibu mstari mmodi kwenye tawi la namba ndefu, jaribio hilo lingeendelea kupita daima.

Make check inapita kwenye matawi hayo. Inazidisha, inagawanya, inatafuta kipeuo na kigawo kikubwa cha shirika kwa urefu tofauti tofauti, na kulinganisha majibu ya njia za kasi na ya njia za polepole zinazoeleweka. Watengenezaji wenyewe wanasisitiza isirukwe, kwa kuwa matatizo mengi ya ujenzi wa GMP chanzo chake ni kompaila. Mistari yote itakayotolewa na grep lazima iishie na 0. Mmoja ukiwa na 1, usiweke maktaba hiyo popote. Ingia kwenye folda ya jaribio husika, soma test-suite.log, kisha jenga upya kwenye folda tupu ukiongeza --disable-assembly na kuondoa --enable-fat. Ikipita, kosa liko upande wa asembli au asembla. Isipopita hata hivyo, shuku kompaila, jaribu CFLAGS="-O1", na kama hitilafu inaruka kutoka jaribio hili hadi lile kila unaporudia, pima kumbukumbu ya mashine yenyewe. Maktaba isiyo na asembli inahesabu sawa lakini polepole mno. Itumie kutafutia kosa, usiisambaze. Mwenye nafasi na arudie kipimo akitanguliza GMP_CHECK_RANDOMIZE=1 mbele ya make check, ili namba za majaribio zibadilike.

Baada ya make install, faili la kichwa gmp.h liko /c/gmp/include na libgmp.a iko /c/gmp/lib. Kuunganisha ni:

gcc jaribu.c -I/c/gmp/include -L/c/gmp/lib -lgmp -o jaribu.exe

Neno -lgmp lije baada ya jaribu.c, lisiwe kabla yake. Likitangulia utapata orodha ndefu ya "undefined reference" zinazoanza na __gmpz, ingawa maktaba ipo. Na ndani ya msimbo, stdio.h iandikwe juu ya gmp.h.

Kuna mtego mmoja ambao hata make check haiwezi kuukamata, kwa sababu uko kwenye msimbo wa mtumiaji. Katika Linux ya biti 64 aina ya long ina biti 64. Katika Windows ya biti 64, long imebaki na biti 32. Kazi za GMP zinazoishia na _ui na _si zinapokea long. Kwa hiyo mpz_set_ui(n, 5000000000) ikiendeshwa Linux inaweka bilioni 5, na ikiendeshwa Windows inaweka 705,032,704, kwa kuwa 4,294,967,296 imekatwa juu. Kwa wanaohesabu dola huenda isionekane mapema. Kwa sisi tunaohesabu shilingi, bilioni 5 ni kiasi cha kawaida kwenye vitabu vya halmashauri au chama cha ushirika, na mwanafunzi aliyejifunzia Linux akipeleka msimbo wake ofisini kwenye Windows atapoteza bilioni nne na ushee bila programu kusimama. Namba ikiandikwa moja kwa moja kwenye msimbo, gcc hutoa onyo. Ikitoka kwenye kigezo, onyo hilo halipo mpaka uombe -Wconversion. Tumia mpz_set_str(n, "5000000000", 10), au kwa kigezo x cha biti 64 kisicho na alama ya hasi, mpz_import(n, 1, -1, sizeof x, 0, 0, &x). Mwalimu anayefundisha GMP kwa Windows bila kutaja jambo hili anawaachia wanafunzi shimo mlangoni.

Kuhusu DLL: kwenye Windows configure inajenga maktaba tuli (inayoingizwa ndani ya .exe yenyewe) peke yake isipoambiwa vingine. Ukitaka DLL (faili la maktaba linalokaa nje ya .exe), ongeza --disable-static --enable-shared. Huwezi kupata zote mbili katika ujenzi mmoja, kwa kuwa gmp.h inaandikwa tofauti kwa kila aina. Uamuzi huu unagusa leseni pia. Tangu toleo la 6 GMP inatolewa kwa leseni huria ya LGPL toleo la 3 au GPL toleo la 2, utakalochagua. Anayeuza programu ambayo msimbo wake hautolewi akitumia DLL, mteja anaweza kubadilisha GMP peke yake, na hilo linamrahisishia masharti ya LGPL. Akiiunganisha tuli, anawiwa na mteja mafaili ya kuwezesha kuiunganisha upya. DLL hiyo ikae folda moja na .exe yake, kamwe isiwekwe System32, na isichanganywe na iliyojengwa kwenye dirisha la MINGW64, kwa sababu maktaba za C zilizo chini yao ni tofauti na faili lililofunguliwa na moja halisomeki na nyingine.

Si kila mtu anahitaji kujenga. Mwanafunzi anayefanya zoezi lake kwenye kompyuta yake na achukue kifurushi kilicho tayari kwa pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gmp. Kina wasimamizi wanaojulikana na toleo lake liko wazi. Ninaodai wajenge na kupima ni wale wanaozipelekea ofisi nyingine programu, na vyuo vinavyotoa mafunzo ya usimbaji. Kwa vyuo nina ombi la ziada: zoezi la maabara lihesabiwe limekamilika pale mwanafunzi anapowasilisha faili la majibu.txt pamoja na config.log, si picha ya skrini yenye jibu moja sahihi.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nawaomba wapangaji kurasa wako waziache amri hizi kama nilivyoziandika. Programu za kupanga kurasa hupenda kugeuza vistari viwili vinavyofuatana kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Msomaji akinakili --enable-fat yenye kistari kirefu, configure haitaitambua, na gcc -std=gnu17 ikizungukwa na alama zilizopinda itakatwa mbili kwenye nafasi yake, akwame kabla hata ujenzi haujaanza.

Mfundishaji wa programu,
Morogoro